Muuaji Hapatikani kwa Kura



Ubishi umezuka kati yetu, nami siwezi kuunyamazia. Vijana wa kikundi kimoja waliona katika simu zao mchezo unaopendwa sana Marekani na Uingereza. Watu hununua tikiti, huketi mezani, huletewa chakula, na kabla nyama haijafika mtu mmoja huanguka chini kana kwamba amekufa. Tangu hapo mpaka keki ya mwisho, kazi ya wageni ni moja tu: kutafuta nani amemuua. Vijana wakasema: nasi tuuandae mchezo huo siku ya sikukuu ya parokia, tuuze sahani za chakula, tupate fedha za safari ya hija. Mara wazee wawili watatu wakainuka. Huo ni mchezo wa damu, wakasema, ni upagani, mtoto anayecheza kuua leo ataua kesho. Mradi ukafungwa siku hiyohiyo.

Ninaandika kuwapinga wazee hao, ingawa kwa umri mimi ni mmoja wao. Tena nitawapinga vijana, kwa sababu nyingine. Wazee wameogopa kisu, nacho ni cha mbao. Vijana hawakuiogopa karatasi wanayoandikia jina la mshukiwa, na hiyo ndiyo yenye makali.

Sisemi ya kusikia. Niliketi mwenyewe kwenye meza ya namna hiyo. Nilikuwa nimesafiri hadi jimbo la Ohio, Marekani, kwa arusi ya mtoto wa mdogo wangu, maana wengi wa jamaa zetu waliopitia kambi za wakimbizi wamepata makao huko. Siku ya posho iliyofuata arusi, binti ya mdogo wangu akaniambia: “Baba mkubwa, wenzangu wa kazini wanatualika leo jioni. Tutakula, halafu tutamtafuta muuaji.” Nilishtuka. Akacheka: “Usiogope, Baba mkubwa. Hakuna atakayekufa kweli.”

Ukumbi ulikuwa wa hoteli, wenye meza za duara, watu wanane kila meza. Meza ya wenzake ilikuwa imekwisha kujaa, hivyo mimi na binti tuliketi pamoja na watu sita tusiowajua, nao hawakutujua. Mlangoni kila mgeni alijichagulia jina la uongo, likaandikwa kwenye kibandiko na kubandikwa kifuani. Tukapewa karatasi na kalamu. Tukaonywa kwamba baadhi ya waigizaji wameketi kati yetu, wamevaa kama wageni wengine, hata jirani anayekupitishia chumvi aweza kuwa ndiye. Sahani za mboga zilipoondolewa, taa zikazimika, kishindo kikasikika. Ziliporudi kuwaka, mwanaume mmoja aliyekuwa akijisifia mali yake alikuwa amelala chini katikati ya meza.

Akaingia mpelelezi wa kuigiza, daftari mkononi. Mjane wa marehemu akatambulishwa, na mshiriki wake wa biashara, na mpishi, na rafiki yake wa tangu utoto. Kati ya chakula na chakula walipita mezani, nasi tukawahoji. Ulikuwa wapi taa zilipozimika? Mali inamwendea nani? Barua hii ameiandika nani? Ilikuwa kazi ya akili iliyochanganyika na kicheko, na sikuona ndani yake mtu hata mmoja aliyefundishwa kuua. Hilo nalishuhudia mbele ya wazee wenzangu bila kusitasita.

Lakini niliona mambo mawili mengine.

La kwanza: muda wa kuandika jina la muuaji ulipofika, wote sita waliokuwa mezani petu waliandika jina lililobandikwa kifuani mwangu. Binti peke yake hakuliandika. Karatasi ziliposomwa, kila mmoja alieleza sababu zake kwa kicheko. Kiingereza changu ni cha shule, nacho ni kidogo, kwa hiyo nilikuwa nimekula kimya: kimya hicho kikawa dalili. Hawakunijua: ugeni huo ukawa dalili. Giza lilipoingia sikupiga kelele, kwa kuwa mtu wa kwetu huzoea umeme kukatika: utulivu huo ukawa dalili kubwa kupita zote. Waliamini mimi ni mwigizaji aliyefichwa, naye ndiye muuaji. Ukumbi ukapiga makofi, nami nikasimama, nikainama, nikacheka pamoja nao. Hawakuwa watu wabaya. Mmoja wao alinipa keki yake.

La pili ni langu mwenyewe. Nami niliandika jina. Niliandika jina la mjane, kwa sababu hakulia.

Muuaji hakuwa mimi wala mjane. Alikuwa yule rafiki wa utoto, ambaye ndiye aliyelia kuliko wote. Mpelelezi alipoeleza, tuliona kwamba kila kitu kilikuwa kimepita mikononi mwetu: barua, risiti ya deni, saa iliyosimama. Tulivigusa tukavirudisha. Badala ya kusoma barua tulikuwa tumesoma nyuso.

Hapo ndipo hoja yangu inapoanza. Ili muielewe vema, yafaa mjue ukoo wa mchezo huu, maana una wazazi wawili wasiofanana.

Mzazi wa kwanza ni ushahidi, naye ni wa nyumbani mwetu Wakatoliki. Fungueni Biblia zenu katika Kitabu cha Nabii Danieli, sura ya 13, ambayo Biblia za ndugu zetu Waprotestanti kwa kawaida haiimo. Suzana anasingiziwa na wazee wawili wenye heshima. Mkutano unawaamini, kwa sababu ni wazee na ni waamuzi. Hukumu ya kifo imekwisha kutolewa. Kijana Danieli anapaza sauti, anawasimamisha, anawatenga wale wazee wawili, kisha anamwuliza kila mmoja swali moja dogo: chini ya mti gani? Kila mmoja anataja mti wake, na miti hiyo haifanani. Mwanamke anaokoka. Mwaka 1928 mwandishi Mwingereza Dorothy L. Sayers alipokusanya hadithi za upelelezi katika kitabu kimoja kikubwa, aliiweka humo hadithi hiyo ya Suzana kati ya zile za kale kabisa. Alikuwa na haki. Danieli ni mpelelezi, na umri wake ni umri wenu.

Karibu na wakati huo, Mwingereza mwingine, G. K. Chesterton, alikuwa amekwisha kumtunga Padri Brown, padri mfupi mwenye mwavuli, anayefumbua mauaji kwa kuwa kiti cha maungamo kimemfundisha moyo wa binadamu. Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1911. Na mwaka 1929 padri wa kweli, Ronald Knox, aliyekuwa pia mtunzi wa hadithi za namna hiyo, aliandika amri kumi za hadithi ya upelelezi. Aliziandika kwa mzaha kidogo, lakini angalieni uzito wake. Nguvu za mizimu na miujiza zisitumiwe kufumbua kifo. Mpelelezi asiokolewe na bahati, wala na hisia ya moyoni isiyo na maelezo. Kila dalili anayoigundua, msomaji naye aonyeshwe papo hapo. Padri ndiye aliyesema hayo! Aliyeamini malaika na miujiza kuliko wengi wetu alikataza kwamba mtu ashitakiwe kwa ndoto.

Mzazi wa pili wa mchezo huu ni kura. Mwaka 1935 jijini New York, mchezo wa Ayn Rand uitwao Night of January 16th uliita watu 12 kutoka kati ya watazamaji, wakaketi jukwaani kama waamuzi na kukata shauri kama mwanamke mshitakiwa ana hatia au hana. Mwandishi alitayarisha miisho miwili. Mjerumani Paul Pörtner aliandika mchezo mwaka 1963, ambao Wamarekani waliugeuza kuwa Shear Madness, kisa cha mauaji karibu na chumba cha kinyozi. Ulianza Boston mwaka 1980 ukadumu huko kwa miaka 40. Watazamaji huwahoji washukiwa, kisha hupiga kura, na kura ndiyo inayoamua mwisho wa usiku ule. Mwaka 1985 Rupert Holmes alikichukua kitabu ambacho Charles Dickens alikiacha bila kukimaliza alipofariki mwaka 1870, akakifanya mchezo wa nyimbo: hapo pia watazamaji huchagua nani awe muuaji. Aliye muuaji leo huenda kesho akawa hana hatia, kwa sababu tu wageni wa kesho ni wengine.

Karamu hizi, ambazo zimeenea Marekani na Uingereza tangu miaka ya 1980, ni watoto wa wazazi hao wawili. Barua na risiti wamezirithi kwa mzazi wa kwanza. Zile karatasi za kuandikia majina wamezirithi kwa mzazi wa pili. Nami nasema: mzazi wa pili ameshinda. Mle ukumbini zawadi haimwendei aliyethibitisha, inamwendea aliyebahatisha vema. Aliyekosea kwa namna ya kuchekesha hupigiwa makofi. Aliyeacha karatasi tupu kwa kuwa hakuwa na hakika huonekana ameharibu karamu. Kwa muda wa saa tatu mtu mzima hujifunza kwamba kutaja jina ni raha, kwamba kukosea hakugharimu kitu, na kwamba kusema “sijui” ni aibu. Hilo ndilo somo, tena ni somo baya.

Mtaniambia: “Ni mchezo tu.” Asemaye hivyo hajapata kufundisha watoto. Mimi nimefundisha miaka mingi, na najua kwamba alichocheza mtoto hukishika kuliko alichoambiwa. Tena hata huko ulikozaliwa mchezo huu, jambo lenyewe si mchezo. Mwaka 1992, mjini New York, wanasheria wawili, Barry Scheck na Peter Neufeld, walianza kazi ya kuwatetea wafungwa kwa kupima upya damu na alama nyingine za mwili zilizohifadhiwa tangu siku ya kosa. Kwa vipimo hivyo, zaidi ya watu 200 nchini Marekani wameonekana hawakutenda walichofungiwa. Wengine walikuwa wakingoja kuuawa. Na katika kesi nyingi za hizo, mtu aliyesimama mbele ya mahakama akasema “ndiye huyu” alikuwa mkweli wa moyo, lakini alikosea uso. Ndiyo maana sheria ya kwao ni kali kuliko karamu yao: mwaka 2020 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba, katika makosa makubwa, raia walioitwa kuamua kesi lazima wakubaliane wote ndipo mtu ahukumiwe. Mmoja tu akikataa, hakuna hukumu ya hatia. Mezani petu palikuwa na mmoja aliyekataa, yaani binti yangu, na hakuna aliyemwuliza kwa nini.

Usiku ule niliporudi nyumbani kwa mdogo wangu sikupata usingizi. Sikusumbuliwa na makofi ya wale sita. Nilisumbuliwa na jina nililoandika mimi. Lilinirudisha kwenye meza nyingine, ambayo mnaijua vema kuliko ile ya Ohio, kwa kuwa kila juma mnaketi penye meza kama hiyo. Ni meza ya matanga.

Fikirini sura zake. Mtu amekufa. Watu wameketi kwa duara chini ya turubai. Sahani zinapita. Na kabla sahani hazijarudi, swali limekwisha kupita: nani amemla? Jamaa wanahojiana. Uso huu unatazamwa, kimya kile kinapimwa. Mwishoni jina linatajwa. Yote ya karamu ile yamo, ila marehemu hainuki baada ya keki, na aliyetajwa hapigiwi makofi.

Nilikuwa na umri wenu mama mdogo wangu alipofiwa na mume wake. Mume huyo aliuawa na ugonjwa wa sukari. Karatasi ya munganga ilikuwa ndani ya mfuko wa mama mdogo, na yeyote angaliweza kuisoma. Miezi mitatu alikuwa amemlalia mgonjwa miguuni hospitalini, akimlilia usiku, akimwosha asubuhi. Siku ya maziko hakuwa na machozi tena. Siku ya tatu jamaa za mume wakafanya kikao. Mmoja akasema: hakulia. Mwingine akasema: yeye ndiye aliyempa uji wa mwisho. Wa tatu hakusema kitu, akatikisa kichwa tu, na kichwa hicho kikahesabiwa. Jioni mama mdogo alikuwa nje ya nyumba, na watoto wanne, na godoro moja.

Nami nilikuwapo. Nilikuwa nimeshika sahani yangu. Sikusema neno.

Miaka zaidi ya thelathini baadaye, mbali na nyumbani, nimeshiba na kucheka, mkono wangu uliandika jina la mjane kwa sababu ileile. Nilidhani nilikuwa nimekwisha kuihukumu siku ile ya matanga. Kumbe ilikuwa bado imo katika vidole vyangu. Ndiyo sababu, ndugu zangu, sikubali kuambiwa kwamba ni mchezo tu. Na ndiyo sababu pia sikubali kuambiwa kwamba dawa ni kuufunga mchezo.

Wazee wenzangu, nisikilizeni. Mkiufunga mchezo wa vijana, meza ya matanga itabaki wazi. Mnawakataza vijana kumtafuta muuaji wa uongo kwa barua na saa iliyosimama, na Dominika ileile mnaketi katika kikao cha ukoo kumtafuta muuaji wa mtu aliyekufa kwa homa, bila barua na bila saa. Ni nani kati yenu na hao vijana anayecheza na damu? Katika Kivu ya Kusini tumewaona wanawake wanaoitwa bajakazi, wanaodai kwamba roho huwafunulia nani ni mchawi. Mwaka 2021, katika teritwari ya Kalehe, akina mama walitajwa hivyo wakauawa na kundi la watu. Waliowaua hawakufundishwa na mchezo wa Marekani. Walifundishwa na sisi tuliowazoeza, tangu utoto wao, kwamba kila kifo kina jina la kutajwa, na kwamba jina hilo hutajwa kwa moyo kuhisi.

Sheria ya nchi yetu haikubali hivyo. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 17, yasema kwamba mshitakiwa huhesabiwa hana hatia mpaka hukumu ya mwisho ithibitishe hatia yake. Sheria ya mwaka 2009 ya kumlinda mtoto inamwadhibu anayemshitaki mtoto kuwa ni mchawi. Na sheria ya Kanisa ni ya zamani kuliko hizo. Amri ya nane haikatazi uongo wa makusudi tu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2477, yafundisha kwamba hata yule anayelipokea moyoni kosa la jirani yake kuwa kweli, bila msingi wa kutosha, ingawa hajasema neno, amekwisha kutenda dhambi ya kuhukumu kwa haraka. Yule aliyetikisa kichwa alihesabiwa, na aliyeshika sahani naye alihesabiwa. Tena msisahau kwamba Bwana wetu mwenyewe alihukumiwa hivyo: Pilato hakuona kosa kwake, ila aliwauliza watu waliokusanyika, nao wakachagua.

Najua jibu ambalo wengi watanipa, nalo si la kudharauliwa. Watasema: “Wewe wasifu ushahidi, lakini kwetu nani anachunguza? Watu wanauawa usiku njiani, na asubuhi hakuna anayekuja hata kuuliza. Mahakama iko mbali, na fedha za kwenda hatuna. Tusipomtaja sisi, nani atamtaja?” Uchungu huo naujua, nami naushiriki. Ni haki yetu kudai kwamba kila aliyeuawa achunguziwe, na mlei anayelidai hilo mbele ya serikali anafanya kazi ya Injili. Hata pale Ohio nilimwonea wivu yule marehemu wa uongo: alikuwa na mpelelezi, alikuwa na daftari, na kabla ya keki sababu ya kifo chake ilijulikana. Wangapi kati ya maiti zetu wa kweli wamepata hivyo? Lakini kukosekana kwa uchunguzi hakugeuzi kubahatisha kuwe ushahidi. Tukimtaja asiye na hatia, hatujampatia marehemu haki, tumempatia mwenzi wa kaburi. Kaburi la pili halijibu swali la kaburi la kwanza. Na muuaji wa kweli, pale ambapo yuko, hulala vizuri usiku ule, kwa kuwa watu wamekwisha kuridhika.

Basi, vijana, je, mwende kwenye karamu kama ile? Atakayealikwa siku moja, kama nilivyoalikwa mimi, na aende, ale, acheke. Hakuna dhambi katika barua na saa iliyosimama. Na ninyi mliotaka kuuandaa mchezo huo parokiani, rudini kwa wazee, mwombe tena ruhusa, nami nitasimama upande wenu. Lakini nitasimama kwa sharti moja: mbadilishe kanuni zake. Mrudisheni mchezo kwa mzazi wake wa kwanza.

Asitajwe mtu bila kitu mkononi. Anayesema jina aonyeshe dalili ambayo wote wameiona, kama Padri Knox alivyotaka, na aeleze inathibitisha nini.

Uso, kimya, ugeni, kabila, umaskini, machozi au kukosa machozi visihesabiwe kuwa dalili. Atakayevitaja apoteze alama.

Anayeandika “sijui” apate alama kuliko anayebahatisha akakosea. Na asichekwe.

Mwisho wa mchezo, kabla watu hawajaondoka, kila mshukiwa aliyetajwa bure asimame, na walioliandika jina lake wamwombe radhi kwa sauti. Mtacheka mwanzoni. Nafikiri baadaye hamtacheka.

Na marehemu asiwe gogo la kurukwa. Mtu mmoja aseme alikuwa nani na alipenda nini. Katika ukumbi ule wa Ohio hakuna aliyeuliza, hata mimi.

Mkicheza hivyo, mtakuwa mmefanya jambo ambalo mahubiri yetu mengi hayajalifanya. Mtakuwa mmewazoeza mamia ya watu, jioni moja, huku wakila, kuona haya ya kutaja jina bila msingi. Kisha siku ya matanga itakapofika, na swali lile likaanza kuzunguka pamoja na sahani, mmoja wenu atainua kichwa na kuuliza kama Danieli: chini ya mti gani? Umeona nini wewe, kwa macho yako? Karatasi ya munganga yasemaje? Haimpasi kuwa na jibu la nani ameua. Yampasa tu kukataa jibu la bure.

Niliporudi kutoka Marekani nilikwenda kumwona mama mdogo. Sasa ni bibi, anaishi kwa mtoto wake wa mwisho, na macho yake yamefifia. Nilimweleza karamu ile tangu mwanzo, naye alicheka sana aliposikia kwamba Wazungu wanalipa fedha ili waonyeshwe maiti. Nikamweleza jina nililoandika. Hakucheka tena. Nikamwomba radhi, kwa karatasi ile na kwa sahani ile ya zamani. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema:

“Mwanangu, ulikuwa mtoto, ungaliweza nini? Lakini ungalisema tu kwamba hujui, ningalikuwa na mtu mmoja.”

Maswali ya kushirikishana katika kikundi

1. Katika matanga ya mwisho tuliyohudhuria, je, jina la mtu lilitajwa? Lilitajwa kwa dalili gani? Sisi tulisema nini?

2. Tusome pamoja Danieli sura ya 13. Kwa nini mkutano uliwaamini wale wazee wawili? Nani kati yetu huaminiwa bila kuulizwa, na nani hushukiwa bila kusikilizwa?

3. Je, yuko katika shirika letu mtu aliyetajwa bure, ambaye hakuna aliyemwomba radhi mpaka leo? Nani kati yetu atamwendea juma hili?

4. Tukiuandaa mchezo huo siku ya sikukuu ya parokia, ni kanuni gani nyingine tungeongeza ili asiye na hatia alindwe?